Mkono Uliowajia Njiwa

Katika nyumba ya akina Habiba, pale Mbugani, kitu cha kuazimwa hakikuwekwa mezani mtu ajichukulie. Kilitoka kiganjani kikaingia kiganjani. Anayetoa anasema "amana," anayepokea anajibu "imefika," na hapo ndipo vidole vinapoachia. Desturi hiyo waliachiwa na baba yao, mzee Abdulwahab, aliyefika Kyela kutoka pwani na marobota ya khanga, akafanya biashara huku na ng'ambo ya Mto Songwe bila karatasi wala shahidi. Majirani walikuwa wakiwacheka. Hata sufuria ya kupikia pilau, watu wazima wawili wanashikana viganja kama wanaozeshana! Na wacheke. Sufuria zote zilirudi.

Kwa hiyo siku Ridhwani alipokuja na matenga kuchukua njiwa, Habiba hakumwachia aingize mkono bandani. Alimkabidhi mmoja mmoja. Kila njiwa alimfumba mabawa kwa viganja vyake viwili, akamsogeza mpaka kwenye viganja vya kijana, akasema, "Amana."

"Imefika, mama."

Alijibu hivyo kwa kila njiwa, hakuruka hata mmoja, tena kwa sauti nzuri ya mtoto aliyelelewa. Hilo ndilo lililokuja kumchoma Habiba kuliko mengine yote.

Njiwa wale walikuwa wa Mwasiti, dada yake mkubwa. Mwasiti alipofariki aliacha viumbe wa namna mbili wa kulelewa: njiwa wake, na Ridhwani ambaye hata kutambaa alikuwa hajajua. Habiba akawabeba wote. Mwenyewe hakujaliwa mtoto, na mumewe alipochoka kungoja akahamia Tunduma, hakumlilia sana. Nyumba ilikuwa na mtoto wa kunyamazisha na ndege wa kulisha, na kutwa ina mwisho. Ridhwani hakuwahi kumwita mama mdogo. Alimwita mama, basi, na Habiba hakuona sababu ya kumsahihisha.

Jioni alikuwa akimpakata barazani, anagonga ungo kwa vifundo vya vidole, ko, ko, ko, na njiwa wanashuka kutoka paani kula chenga za mchele mikononi mwao. "Hawa walimjua mama yako," alimwambia. Kwa kweli njiwa hawaishi miaka yote hiyo, hawa walikuwa wajukuu na vitukuu wa wale. Lakini mtoto hakuuliza, na Habiba mwenyewe alikuwa ameshaanza kuliamini.

Mtoto akakua, akasoma, akafika chuo kikuu Dar es Salaam kusomea elimu ya wanyama. Watu wa Mbugani wakamsikitikia Habiba. Wenzake wanasomesha madaktari, yeye anasomesha mtu wa kutazama wanyama, na wanyama wapo bure. Habiba aliwaambia wakachemshe chai.

Enzi zile za ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa, kila kitu kiliingia Kyela kwa mpigo: sabuni za kunukia ambazo watu walikuwa wamezisahau kwenye foleni, mitumba, redio kaseti, na miradi. Mradi mmoja ulikuwa wa ndege waharibifu. Ulikodi nyumba kule Njisi, pembeni kabisa mwa mashamba ya mpunga, ukaleta jenereta na mashine ndani ya maboksi, na mzungu mrefu wa kuuongoza. Ridhwani akapata kazi humo. Akaahidiwa kwamba utafiti wake ukikamilika vizuri, atakwenda Ulaya kusoma zaidi.

Aliyefurahi kupita wote ni Felista, mkulima wa Njisi aliyekuwa akimletea Habiba mchele wa kuuza dukani kwake tangu wakiwa wasichana. Felista alijua ndege ni kitu gani. Mpunga ukianza kutia maziwa, aliamka alfajiri kwenda kuamia, akashinda shambani mpaka giza, akigonga makopo na kupiga mayowe hadi sauti ikamkauka. Alikuwa ametandaza mikanda ya kaseti mbovu kutoka mti hadi mti, imeremete na kuwatisha. Siku za mwanzo ndege hao, kwelea, walikimbia kweli. Baadaye wakawa wanakaa juu ya mti wa mkanda wakisubiri zamu.

"Ndege wa siku hizi wana dharau," alilalamika siku moja barazani kwa Habiba, chai mkononi.

"Si dharau, mama Felista," Ridhwani akacheka. "Ndani ya ubongo wa ndege kuna seli za kuangalia mwendo, na kila aina ina kazi yake. Mnawajua wapiga debe wa stendi? Wa Tukuyu anapiga kelele kwa ajili ya basi la Tukuyu tu. La Mbeya likipita yuko kimya, kama halioni. Seli nazo ndivyo zilivyo. Kuna zinazopiga kelele kitu kidogo kikikatiza mbele ya jicho, mdudu, au ndege mwenzake. Kuna nyingine hazina habari kabisa na mdudu. Zenyewe zinangoja dunia nzima isogee kwa pamoja, miti, nyasi, mawingu. Maana dunia nzima ikisogea, ujue si dunia, ni ndege mwenyewe anaruka. Hizo ndizo zinamfanya asipepesuke angani."

"Na mikanda yangu je?"

"Mikanda yako inapepea pamoja na mpunga wako. Ndege anaona upepo tu."

Felista akaguna. Ridhwani akakunja ngumi, akaanza kuisogeza polepole kuelekea uso wa Habiba.

"Ila kuna aina ya tatu," alisema. "Hii kinachopita kushoto au kulia haikijali. Kinachopita hakina shida na wewe. Yenyewe inangoja kitu ambacho hakisogei pembeni hata kidogo, kinakua tu. Kinakua, kinakua, kwa sababu kinakujia wewe. Mwewe. Paka. Hiyo ndiyo seli ninayoitafuta. Tukijua nini hasa kinaiamsha, tutatengeneza kitu ambacho ndege hawatakizoea kamwe."

Ngumi ilikuwa imefika puani kwa Habiba. Hakupepesa.

"Mbona hukwepi, mama?"

"Nikukwepe wewe?"

Wakacheka wote watatu. Habiba alikikumbuka sana kicheko kile baadaye.

Utafiti ulihitaji njiwa, Ridhwani alieleza, kwa kuwa kwelea ni wadogo na wakorofi, na wataalamu wanamfahamu njiwa kuliko ndege mwingine yeyote. Na si njiwa yeyote, njiwa waliozoea mikono ya watu. "Tutawaweka mbele ya kioo cha televisheni tuwaonyeshe picha zinazosogea, mama. Kama watoto wanaotazama sinema. Kabla mpunga haujavunwa watakuwa wamerudi juu ya paa." Felista akaongezea ombi lake, kwamba kama njiwa wa Mwasiti wataokoa mpunga wa Njisi, basi Mwasiti atakuwa ameacha sadaka. Habiba angekataaje?

Idi ilipofika Ridhwani alikuja na kamera ya video ya mradi. Akampiga picha Habiba anagonga ungo, akaupiga picha mkono wake unavyowajia njiwa na chenga kiganjani, hina ya sikukuu ingali nyekundu. "Rudia tena, mama. Ulete taratibu kuelekea kwenye kamera. Hivyo hivyo." Habiba alirudia mpaka mkono ukachoka. Aliona fahari, kwa nini aongope? Mkono wake unakwenda kwenye sayansi.

Baada ya Idi ndipo Ridhwani alipokuja na matenga, na amana ikasemwa, na imefika ikajibiwa. Kitu kimoja tu kilimgutua Habiba. Kila alipopokea njiwa, kabla ya kumtia tengani, Ridhwani alimpapasa kichwa kwa kidole gumba na cha shahada, akibonyeza nyuma ya macho kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Moyo ulimpiga Habiba ghafla. Mwanangu huyu anatafuta nini huko? Akajikemea. Mtoto aliyemwogesha, aliyemfundisha kufunga vifungo vya shati! Akamkabidhi na Kishungi, jike la kijivu lenye kishungi cha manyoya utosini, aliyekuwa kipenzi chake. Kishungi alikuwa wa mwisho.

Paa likawa kimya. Mtu asiyefuga njiwa hajui kimya hicho. Asubuhi Habiba alijikuta anachukua ungo, anaurudisha. Alitaka kwenda Njisi kuwaona, Ridhwani akamwambia bado, wanazoeshwa giza, akiingia mgeni vipimo vinaharibika.

"Mimi mgeni kwa njiwa wangu?"

"Mama na wewe!" Ridhwani akacheka, akaushika mkono wake akaubusu kama alivyozoea tangu utoto, na Habiba akayeyuka. Badala ya kwenda, akawa anatuma chenga. Felista, ambaye mradi ulikuwa umemchukua kupika na kufagia, ndiye aliyezibeba.

Mvua za masika zikanyesha kama zinavyonyesha Kyela, bila haya. Mpunga ukazaa, ukaanza kukauka kwenye bua. Asubuhi moja mvua ilikatika, jua likatoka, Habiba akaketi uani kuchambua mchele. Akasikia kishindo ukutani, kama mtu katupa kandambili.

Chini ya ukuta alikuwepo njiwa wa kijivu, mabawa yametawanyika, anahema. Habiba alimjua kwa uzi mwekundu mguuni, uzi aliomfunga mwenyewe. Kwa kichwa asingemjua. Kishungi hakuwa na kishungi. Utosi ulikuwa umenyonyolewa mpaka ngozi, na katikati ya ngozi palikuwa na gamba gumu jeupe, kama saruji wanayojazia meno hospitalini, limegandia kwenye fuvu. Pembeni mwa gamba ilichomoza ncha ya skrubu ndogo.

"Yallah," Habiba alisema, akapiga magoti matopeni. "Kishungi. Nani kakufanya hivi?"

Alinyoosha mkono, ndege akatulia tuli. Habiba akafarijika kwamba angalau ameukumbuka mkono wake. Akamweka juu ya kinu kilichopinduliwa, akaingia ndani kutafuta maji. Aliporudi, paka wa jirani alikuwa uani. Amenyemelea, tumbo chini, ananyooka moja kwa moja kumwelekea Kishungi, na Kishungi anamtazama. Anamtazama kabisa, jicho wazi, na hatikisiki. Paka akajikunja kuruka. Kishungi yuko vilevile, kama anatazama ukuta.

Habiba alirusha kata ya maji na ukelele juu. Paka akachomoka kando, akakatiza ua, na hapo njiwa akageuza shingo kumfuata kwa macho mpaka akapotelea kwenye migomba. Kumbe anaona! Anamwona paka anayepita. Anayemjia ndiye hamwoni.

Habiba akarudi kwenye kinu, akakunja ngumi, akaileta polepole mbele ya ndege kama alivyoletewa yeye barazani. Kishungi hakupepesa. Basi hata ule utulivu wa mwanzo, uliomfariji, haukuwa wa kumkumbuka yeye. Akampakata ndege, akaketi kigodani.

Hivyo ndivyo Felista alivyomkuta, alipoingia na mfuko wa mchele kichwani.

"Ugonile, mama Ridhwani."

Siku zote salamu hiyo ya kwao Felista Habiba aliijibu "ndaga," kwa lafudhi ya pwani iliyomchekesha Felista. Leo hakujibu. Felista akautua mfuko, akamwona ndege, akashika mdomo.

"Jamani. Huyu ndiye aliyetoroka jana? Walikuwa wanamtafuta mradi mzima, mimi ndiye niliyeacha mlango wakati nafagia."

"Wenzake wako wapi?"

Felista akatazama chini.

"Felista. Nimekuuliza, wenzake wako wapi?"

"Si nilidhani unajua, shoga yangu?" Felista akachuchumaa kando yake. "Wanalazwa kwa sindano, wanatobolewa kichwa. Wanaingizwa waya mwembamba kupita unywele, mashine inalia tik, tik, tik. Wakimaliza na mmoja hawamwamshi. Tunafukia nyuma ya choo. Mzungu alikwenda kwao zamani, kijana wako ndiye anayefanya. Ni kijana wako, na njiwa ni wenu. Mimi nani wa kuuliza? Nilisema wamekubaliana, mtu na mwanawe."

"Na chenga zangu? Juma lililopita umepeleka chenga."

"Alizipokea." Felista akafuta macho kwa upande wa khanga. "Akaniambia niwamwagie kuku."

Habiba hakulia. Juma zima alikuwa amepepeta chenga zile, akatoa mawe, akachagua nyeupe. Kuku wa Njisi wamekula vizuri.

Pikipiki ya mradi ikasikika nje. Ridhwani aliingia uani mbiombio, matope hadi magotini, na alipomwona ndege juu ya mapaja ya Habiba uso ukamchangamka. Uchangamfu huo Habiba aliuona vizuri. Hakuwa na aibu, hakuwa na hofu, alikuwa na furaha ya mtu aliyepata kitu chake.

"Alhamdulillahi! Yuko hapa! Shikamoo, mama. Amefikaje? Ameruka mwenyewe?"

"Ameruka."

"Kutoka Njisi? Moja kwa moja?" Akachuchumaa mbele ya njiwa, macho yanang'aa. "Mama, unajua maana yake? Zile seli za dunia nzima ziko salama, ndiyo maana hakupotea wala hakuyumba. Na alitua vipi? Alijigonga, sivyo? Niambie alijigonga."

"Alijigonga ukutani."

"Ndiyo!" Ridhwani akapiga paja. "Nilijua! Huyu ndiye niliyemchoma kwa umeme kidogo pande zote mbili, pale penye seli za kitu kinachokuja. Anaruka lakini haoni ukuta unavyomjia. Mama, hakuna aliyewahi..."

Akanyamaza. Pengine ni Felista aliyekohoa, pengine ni uso wa Habiba.

"Umewaua," Habiba alisema.

"Mama..."

"Uliniambia sinema. Kama watoto, ulisema."

"Na waliona sinema, mama, sikuongopa. Nisingeweza kukueleza mengine, usingekubali."

"Kwa hiyo ulijua kwamba nisingekubali."

Ridhwani akasugua paji la uso. Kisha akasema neno ambalo inaonekana alikuwa amelitayarisha muda mrefu. "Njiwa hawa walikuwa wa mama yangu. Wa Mwasiti. Mimi ndiye mrithi wake. Wewe uliwatunza, na Mungu atakulipa, lakini walikuwa wangu."

Felista akasema "Ee Bwana" kwa sauti ndogo. Habiba alimtazama kijana huyu mrefu mwenye pua ya dada yake. Tangu alipojua kusema, leo ndiyo siku ya kwanza amemwita Mwasiti mama na yeye akamwita "wewe uliwatunza," kama yaya aliyelipwa akaondoka. Na pale bandani, matenga yako miguuni, alijibu "imefika, mama" kwa njiwa anaowajua wako njiani kufa. Kama ni wake, kwa nini aliwapokea kwa amana?

Alimuuliza hivyo hivyo. "Kama ni wako, amana ulinijibu ya nini?"

Kwa heshima ya Ridhwani, tuseme kwamba hakutunga jibu. Alitazama matope kwenye viatu vyake. Kisha akapiga magoti mbele ya Habiba, chini palepale, na sauti ikawa ile ya barazani, ya mtoto anayeomba asilale bila hadithi.

"Mama, nisamehe. Kweli nisamehe. Lakini sikiliza. Wenzake wamekwisha kwenda, kuwalilia hakutawarudisha. Amebaki huyu, na huyu naye hataishi, unamwona mwenyewe, paka wa kwanza atamchukua. Mzungu anarudi juma hili. Lazima nimwonyeshe mahali waya ulipofika, na pa kuonyesha ni ndani ya kichwa cha huyu tu. Bila yeye kazi yote ni maneno matupu. Ulaya sitaiona. Itakuwa hao wengine wote wamekufa bure."

Lilikuwa neno zito hilo la mwisho, na Habiba alilipima. Huyu ni mwanawe. Ndege atakufa hata hivyo. Alitazama mkono wake mwenyewe juu ya mgongo wa Kishungi, kucha bado zina wekundu hafifu wa hina kwenye ncha. Ridhwani naye akaufuata mtazamo huo, na akadhani ameona mlango.

"Unajua mkono wako umo kwenye utafiti?" alisema kwa upole, karibu anatabasamu. "Ile picha ya Idi. Ndiyo niliyowaonyesha wote. Nilitaka kujua kama seli ile inatofautisha, mwewe hivi, mtu wanayemjua hivi. Nilidhani kwa mkono wako itanyamaza."

"Wakiwa na waya kichwani, ukawaonyesha mkono wangu."

"Ndiyo picha waliyoijua, mama."

"Ikanyamaza?"

Ridhwani akatikisa kichwa. Elimu ilikuwa imemfundisha kutoongopa juu ya vipimo, juu ya hayo tu. "Hapana. Ilipiga kelele kila mara. Sawasawa na mwewe. Seli haijui mtu. Inajua tu kwamba kitu kinakuja."

Felista alikuwa ameacha hata kufuta macho.

Habiba alifikiria jioni zote zile, ungo, chenga, mkono unashuka na shingo zinanyooka kuupokea. Alikuwa akiamini miaka yote kwamba njiwa hawakumwogopa. Kumbe kila mkono ulipokuja, ndani ya vichwa vile vidogo mtu alikuwa anapiga kelele, kimbia, kimbia. Walisikia. Wakabaki. Walibaki kwa sababu jana yake walibaki na hawakudhurika, na juzi yake pia. Na yeye je, siku ya matenga, vidole vile vilipobonyeza fuvu la njiwa wa kwanza, hakuna kilichopiga kelele kifuani mwake? Kilipiga. Alisikia vizuri sana, akakinyamazisha, kwa kuwa mkono ulikuwa wa Ridhwani.

"Mama," Ridhwani alisema. "Tafadhali."

Akakunjua viganja vyote viwili, akaviweka pamoja namna ya kupokea, namna aliyofundishwa katika ua huu huu kabla hajajua kusoma.

"Nipe kwa desturi yetu. Sema amana, nami mara hii nitaijibu kwa haki."

Viganja vikasogea. Vilikuwa visafi, kucha zimekatwa fupi, kovu dogo la kisu cha maembe kwenye kidole gumba, kovu ambalo Habiba alilifunga mwenyewe kwa kitambaa. Havikwenda kushoto wala kulia. Vilikuja tu, vikakua, vikajaza mbele ya macho yake yote.

Kishungi alivitazama vikija, na hakutikisika.

Habiba ndiye aliyeruka. Kigoda kilianguka, mchele ukamwagika kutoka kwenye ungo, na alipojitambua alikuwa amesimama mgongo ukutani, amembana njiwa kifuani kwa mikono miwili, anahema. Ridhwani alibaki amepiga magoti, viganja vitupu hewani, anamtazama kwa mshangao, maana tangu azaliwe hakuwahi kumwona akimkwepa.

"Mama, ni mimi," alisema.

"Naona," Habiba akamjibu. "Rudi nyuma."